Bwana Harusi Asiyetukanwa

Tulimwacha Jokhan Kimbunga, mwimbaji wa mji wa Ara, uani kwa wakwe zake, ameketi mkekani na taji la harusi kichwani, mikono keshanawa, sinia la mseto liko mbele yake na samli inateleza juu. Wanawake wa nyumba wamejipanga upande wa jiko, ngoma iko magotini, na hakuna hata mmoja anayefungua mdomo.

Sasa usiniambie eti kimya si kitu, ale mseto wake aondoke. Ale vipi? Pale kijijini Semariya, na wilaya yote ya Bhojpur ukiizunguka, asubuhi ya baada ya ndoa bwana harusi na watu wake hawatii tonge mdomoni mpaka wanawake wa upande wa bibi harusi wawaimbie matusi. Si vijembe vya kuzungukazunguka. Matusi yenyewe, kwa majina, na ngoma juu. Wanakuambia baba yako mwizi wa kuku, shangazi yako katoroka na mpiga tarumbeta, na wewe unacheka unakula. Ukishatukanwa hivyo, umekuwa ndugu. Anayeheshimiwa ni mgeni.

"Bechan," Jokhan alimnong'oneza binamu yake aliyekaa kuliani kwake, "labda wamesahau maneno?"

"Wanawake wa Semariya wasahau matusi?" Bechan alisema. "Hawa walimtukana hadi daktari wa ng'ombe, na alikuja kuchanja tu."

Jokhan akatoa lile tabasamu lake la jukwaani, linalowafanya vijana wa Ara wachane mashati. Halikumsaidia. Jasho lilianza kumchuruzika chini ya taji.

Na chini ya taji, ndugu zangu, palikuwa na mambo. Simu yake ilikuwa humo, kaifunga kwa kitambaa, iko tayari kunasa kila neno. Chhabila, yule mtengeneza filamu wa Patna, alikuwa anamsubiri. Mcheza filamu wa kike keshavalishwa, kamera zimepangwa, na wimbo wa harusi hakuna. Jokhan alimwambia, wala usihangaike bosi, nitakuletea wa moto kutoka jikoni kwa mama mkwe.

Sasa jiko limezimika.

Aliyeshindwa kuvumilia wa kwanza ni Mzee Sukhari, baba yake Jokhan. Walimpa kigoda karibu na mlango, kaketi na masharubu yake kayasokota kwa mafuta, anasubiri matusi kama mtoto anayesubiri peremende.

"Mbona hatutukanwi?" aliuliza.

Wanawake wakavuta ushungi usoni.

"Nauliza kwa adabu, jamani. Mbona hatutukanwi? Nina masharubu haya. Nina tumbo hili. Nina kijana anayekata kiuno mbele za watu ndiyo ale. Mnakosa nini cha kusema?"

Mwanamke mmoja alicheka puani ndani ya ushungi, akapigwa kiwiko na mwenzake.

"Baba yangu alitukanwa kila harusi aliyokwenda!" mzee alifoka, kigoda kikaanguka. "Kaka yangu mkubwa alitukanwa mpaka akalia kwa raha! Mimi nitoke hapa mzima mzima, kama mkaguzi wa shule? Nikifika nyumbani niwaambie nini watu, kwamba tulipewa heshima? Bechan! Mwambie dereva awashe gari. Tunaondoka. Na binti yao wabaki naye, wakae naye kimya kimya!"

Jokhan akapiga magoti palepale mkekani.

Maana ndoa ilishafungwa, rangi nyekundu ya ndoa keshaipaka utosini mwa bibi harusi wake, Batasiya, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mke ni yule aliyepanda gari. Akibaki kwao siku hiyo, itakuwa kesi ya wazee, na kesi za wazee wa kule zinaweza kukaa mpaka bwana harusi aote mvi. Na Jokhan alikuwa amekufa ameoza. Tangu posa walikuwa wanaongea kwa simu kila jioni, anamchekesha, naye anamcheka, na hayo mawili si kitu kimoja. Majukwaani wanawake walimshangilia. Batasiya alikuwa anamwambia, "Acha kelele, niambie umekula nini." Utamwacha mwanamke wa namna hiyo?

Akajikokota kwa magoti mpaka mbele ya mkuu wa waimbaji, Shangazi Phulesari, mwanamke mfupi, jino moja mbele, koo kama bati la kuezekea.

"Shangazi, nakuomba. Tutukane kidogo tu."

"Kidogo?"

"Hata mstari mmoja. Sema mimi mlevi."

"Wewe si mlevi."

"Sema hivyo hivyo!"

Shangazi Phulesari alitema tambuu pembeni, akajifuta. "Mwanangu, mimi koo linaniwasha tangu alfajiri. Nina matusi ya baba yako yamenijaa hapa kama gesi. Lakini si mimi niliyefunga ngoma. Muulize mkeo."

Wote uani wakageuka kuangalia mlango wa chumba cha ndani. Pazia la maua lilitikisika.

"Batasiya?" Jokhan aliita, sauti imekuwa ndogo.

"Nipo," pazia lilijibu.

"Wewe ndiye umewakataza?"

"Mimi."

"Nimekukosea nini, mke wangu?"

"Unakumbuka harusi ya binamu yangu, kule Jagdishpur? Ulialikwa uimbe. Ukaja mapema, ukakaa nyuma ya ukuta wa jikoni, ukasema unaumwa kichwa."

Jokhan akaanza kuumwa kichwa kweli.

"Shangazi aliimba kwamba Mzee Dhelu, baba wa bwana harusi, ana mbuzi wa jirani chini ya kitanda, na ndevu zinachungulia. Mzee Dhelu alicheka mpaka akapaliwa. Kabla ya sikukuu ya rangi, wimbo ule ule, ngoma ile ile, ukatoka kwenye spika za matrekta yote ya Ara. Jina lako juu. Mzee Dhelu umemtoa. Mbuzi umemtoa. Ukaweka nini?"

Jokhan akainama.

"Sema, Kimbunga. Uliimba mbele ya watu elfu kumi, leo unaona haya mbele ya shangazi yangu?"

"Niliweka... shemeji wa jirani."

"Na kinachochungulia?"

"Batasiya, baba yako yuko hapa."

"Alikuwa hapa pia spika zilipopita na wimbo huo. Nilikuwa nakwenda chuoni kwa baiskeli. Kila kona vijana wananiimbia. Kibanda cha chai, wananiimbia. Geti la reli limefungwa, nimesimama na baiskeli, lori zima linaniimbia. Shangazi anamtukana mtu kwa jina lake, mbele ya sahani yake, anacheka, yameisha. Wewe ulitoa jina. Kwa hiyo ukawa wimbo wa kila mwanamke anayepita njiani. Nilikubali wewe, Jokhan. Sikukubali wimbo. Na nikawaambia wanawake wa nyumba hii, huyu hata akija kuoa atakuja na mtego. Msimpe hata neno."

Pale Jokhan angeweza kusema kweli. Lakini mwimbaji akishaona watu wanamtazama, mdomo unakwenda wenyewe. Akasimama, akapiga kifua.

"Batasiya, nimeacha! Naapa kwa mto Ganga! Tangu nikupose sijaiba hata ubeti! Mimi leo ni mtu safi, nimekuja na moyo wangu tu, sina..."

Taji likaanza kuimba.

Kwa sauti yake mwenyewe, tena ule ule wimbo wa shemeji wa jirani, na ngoma, na zile filimbi za kupigia miluzi. Shanga za taji zinatetemeka, kichwa kinamulika kama gari la wagonjwa. Mbuzi wa uani walikimbia.

Kabla hajashika kitu, Runjhun, mdogo wake Batasiya, msichana mrefu mwenye mkono mwepesi, aliingiza vidole kwenye taji akachomoa simu.

"Shemeji, kichwa chako kinapigiwa," alisema, akabonyeza sauti juu.

"Jokhan!" Ilikuwa sauti ya Chhabila, nzito, imejaa tambuu. "Vipi, umeshawanasa hao vibibi? Wanatukana vizuri? Angalia wasistuke, wakistuka watanyamaza! Nataka matusi yenyewe, halafu hapa studio tutatoa wazee tuweke blauzi!"

Runjhun akaisogeza simu mdomoni. "Vibibi wanakusalimia," alisema, akakata, akaitumbukiza simu kwenye mtungi wa maziwa ya mtindi.

Hakuna aliyecheka. Baba yake Batasiya alijifanya anahesabu matofali ya ukuta. Nje, gari la msafara likawashwa.

"Twende," alisema Mzee Sukhari, na safari hii hakufoka. Aibu ilikuwa imemshika masharubu. "Twende, mwanangu. Wana haki wasitutukane. Sisi si watu wa kutukanwa."

Jokhan alivua taji. Alisimama pale na nywele zimelowa, anafanana na kuku aliyetoka mvuani, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake hakuwa na la kuimba. Akalitazama pazia. Halikutikisika.

"Subiri," alisema Shangazi Phulesari.

Alijinyanyua kwa kushika magoti, akavuta sari kuukuu ya njano iliyoanikwa kambani, akamrushia Jokhan usoni.

"Jifunike ushungi. Kaa hapa katikati yetu. Umeyachukua matusi yetu ukayapeleka Patna. Leo utatulipa kwa matusi. Mtukane bwana harusi. Mtukane baba yake. Kwa majina. Ukiweza, binti yetu ataamua. Ukishindwa, gari lenu linanguruma hapo nje."

"Nimtukane baba yangu?"

"Kwani ana nini, ni wa glasi?"

Basi Kimbunga wa Ara, picha yake iko kwenye kuta za vinyozi wote hadi Chhapra, akajifunika sari ya njano, akaketi kati ya wanawake. Runjhun akaishika ngoma. Dhi-dhina, dhi-dhina.

Jokhan akafumba macho, akaanza kwa mazoea yake:

"Ewe shemeji mrembo, kiuno kama..."

"Jina!" wanawake walipiga kelele kwa pamoja.

"Ewe Jokhan mrembo..."

"Tusi!" Kibibi kimoja kilimrushia ganda la vitunguu.

"Hajui," alisema Shangazi. "Masikini ya Mungu, hajui. Anajua mwili wa watu asiowafahamu. Jambo la mtu mmoja anayemfahamu hajui kulisema."

Hilo lilimchoma kuliko ganda la vitunguu. Alikaa kidogo ndani ya ushungi, joto, harufu ya sabuni ya kufulia, ngoma inamsubiri. Halafu likatoka, la kukwaruza, bila madoido:

"Jokhan wa Sukhari, Kimbunga jukwaani,
akiruka chura mmoja, kapanda mezani!"

Bechan aliguna. "Ni kweli," alisema. "Nilikuwepo."

Mwanamke mmoja akacheka. Ngoma ikapata moto.

"Sauti yake ya redioni imenyooshwa kwa mashine,
umeme ukikatika, utadhani mtu mwingine!"

Sasa walicheka watatu, wanne. Na Jokhan akajisikia kitu asichokisikia jukwaani hata siku moja, kama mtu anayevua viatu vilivyombana. Akageuka, ushungi na yote, akamnyooshea kidole baba yake:

"Mzee wangu Sukhari, masharubu kapaka wino,
mvua ikimnyeshea, mweusi hadi meno!"

Mzee Sukhari aliinuka taratibu. Masharubu yakamcheza. Akamtazama mwanawe aliyemlea, aliyemsomesha, aliyemnunulia kinanda cha kwanza kwa kuuza nyati wa maziwa.

"Tena," alisema mzee.

"Baba?"

"Tena! Mpumbavu wewe, usiache! Hiyo ya meno rudia!" Akakaa, akavuta sinia kwa mikono miwili, machozi ya furaha yanamshuka. "Bechan, zima gari! Tunatukanwa!"

Lo! Hapo Shangazi Phulesari alishindwa kujizuia. Gesi ya tangu alfajiri ilimtoka yote.

"Mjomba wao kaoa nyati, kamvalisha bangili,
kitanda chao cha ndoa kimevunjika mara mbili!"

Wanawake wote wakaingia. Ngoma mbili, vijiko kwenye masufuria, mikono inapigwa. Msafara mzima ukatumbukiza vidole kwenye mseto. Achari ikapita, papadi zikavunjika. Kila tusi likija, mwenye jina anacheka na shavu limejaa.

"Bechan kaenda upolisi, kakimbizwa uwanjani,
kapitwa na bibi kizee mwenye kuni kichwani!"

Wakacheka wote. Bechan hakucheka. Alishusha tonge.

"Hakucheka!" Runjhun alimrukia. "Jamani hakucheka! Kumbe kweli!"

"Hakuwa kikongwe sana," alisema Bechan, na uani ukapasuka. Maana ndiyo sheria yao. Waimbaji wanatunga lolote, la kweli na la uongo, hawajui lipi ni lipi wala hawajali. Lisilo lako unalicheka. Likikukuta, uso unakusaliti. Ni juu yako kujikaza.

Na pazia likafunguka.

Batasiya alitoka na sari yake nyekundu, bangili mpaka viwiko, macho mekundu pia, lakini mdomo unamcheza. Akamtazama mumewe ndani ya sari ya njano.

"Hiyo rangi haikupendezi," alisema.

"Nivue?"

"Vua ule. Njaa itakuua, halafu watasema mimi." Akainamisha kichwa kidogo, sauti akaishusha ya wao wawili tu. "Ya chura nimeipenda. Mbona hukuniambia kuhusu chura?"

"Mwimbaji mkubwa atasemaje anaogopa chura?"

"Hivyo hivyo ulivyosema leo." Akamgeukia mama yake. "Mama, leta viatu vyangu. Nakwenda."

Mama mtu akaanza kulia, kama inavyotakiwa. Runjhun akakimbilia viatu. Jokhan akala tonge lake la kwanza la mseto, na mpaka leo ukimuuliza chakula kitamu alichowahi kula atakutajia hicho, wakati kilikuwa kimepoa na samli imeganda.

"La mwisho!" Shangazi Phulesari alipaza. "La kumsindikiza bwana harusi!"

Hilo la mwisho wanamwimbia kila bwana harusi. Bibi zao walimwimbia kila bwana harusi. Wanabadili jina na mji tu, mji wowote unaokaa vizuri mdomoni, na hakuna anayelisikiliza, watu wanakuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Ngoma ikapigwa ile ya haraka:

"Jokhan wa Sukhari, tumeijua siri,
yuko mke Siwan, bado anakusubiri!"

Jokhan alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, kinywa wazi. Siwan! Hajawahi hata kulala Siwan. Bechan akacheka. Baba mkwe akacheka. Batasiya mwenyewe alicheka, mguu mmoja umeshaingia kiatuni, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Wa pili huyo, au wa kwanza?" alimtania mumewe.

"Wa kwanza! Ana meno ya dhahabu na..."

Runjhun aliacha kupiga ngoma.

Alikuwa hamtazami Jokhan. Alikuwa anatazama kando ya mlango, kwenye kigoda. Shangazi Phulesari akafuata macho yake, naye kicheko kikamkatika. Kimoja kimoja vicheko vikazimika uani, mpaka cha Jokhan kikabaki peke yake, halafu nacho kikajisikia kiko peke yake.

Mzee Sukhari, aliyecheka alipoambiwa masharubu ya wino, aliyecheka ya nyati mpaka akashika mbavu, alikuwa ameketi na tonge mkononi nusu ya njia kuelekea mdomoni. Mseto unamdondoka vidoleni. Hakucheka.

"Baba," alisema Jokhan. "Wanatania."

Mzee akalitazama tonge lake.

"Ni wimbo tu, baba. Wanamwimbia kila mtu. Cheka."

Batasiya alichomoa mguu kiatuni, polepole.

"Baba, nakuomba. Watu wanatazama. Cheka basi!"

Mzee Sukhari aliliweka tonge siniani. Akajifuta vidole kwenye nguo yake mpya ya harusi, kimoja baada ya kingine, bila kumtazama mtu.

"Ulikuwa na miaka minne, mwanangu," alisema. "Nilikubeba mabegani. Ulilala harusi yako nzima."